Mnaowacheka wanunuzi wa simu za makelele, someni yaliyotukuta Kindu

Wakuu, heshima kwenu wote, wenye simu za bei na wenye za kuungaunga.

Nimeusoma ule uzi wa kuwacheka watu wanaonunua simu za betri nene na spika za kelele. Kurasa kwa kurasa. Mmoja kaandika kwamba raia wa kawaida "hajui anachonunua, anafuata mkumbo tu". Likes zikamiminika kama mvua.

Nilitaka kujibu palepale. Nikaona jibu litakuwa matusi, nikaizima simu, nikaenda zangu mtoni kuoga. Sasa nimetulia. Si sana.

Ninachoandika hapa ni kweli tupu. Nilikuwepo. Majina ya watu nimeyabadilisha kwa sababu bado tunasalimiana.

Nijitambulishe kidogo. Mimi ni wa Kindu, Maniema, Kongo. Shule niliiacha mapema: vita ilipofika walimu walikimbia, na waliporudi mimi nilikuwa nimeshazoea njia. Nimesukuma baiskeli ya mafuta ya mawese hadi Pangi. Nimekaa Kigoma, nimekaa Dar mpaka Kiswahili changu kikanyooka, nikarudi. Popote nilipolala nilikuwa nafungua vitu nione ndani mna nini. Redio, saa, pampu ya baiskeli. Siku hizi simu.

Kwa hiyo msije mkasema namtetea mtu asiyejua chipset ni kitu gani. Naijua. Review nasoma kuliko wengi wenu, nikiwa nimekaa kwenye kibanda cha kuchajia kwa sola, maana umeme kwetu ni kitu cha kusimuliwa.

Na msitegemee nije na hadithi ya madini yanayotoka kwetu kuingia kwenye simu zenu. Hiyo mlishaisikia, mkasikitika, mkanunua nyingine.

Twende.

Nina dada mkubwa, nitamwita Zaina. Kwetu mkubwa wako humwiti jina kavu, unamwita yaya. Yaya Zaina ndiye aliyetulea sisi wadogo miaka ya vita, mama alipokuwa akizunguka vijijini kutafuta mawese ya kuuza. Baba alikuwa hayupo tena, nitafika hapo. Mama naye alishafariki.

Yaya anaishi, tuseme alikuwa anaishi, kwenye kiwanja chetu Mikelenge, hapahapa Kindu. Nyumba ya matofali ya udongo, bustani ya muhogo nyuma, meza ya kuuzia chumvi na sabuni mbele. Maisha yake yote yalikuwa pale.

Tuna kaka wa baba mmoja, mama mbalimbali. Nitamwita Assumani. Huyu mwaka jana akaibuka na neno: kiwanja kile kilinunuliwa na baba kabla ya vita, kwa hiyo ni cha mtoto wa kiume wa kwanza, yaani yeye. Yaya akasema hapana, mama ndiye aliyekipata wakati wa vita, baba akiwa ameshapotea, na alimwachia yeye.

Mtu mmoja tu aliyekuwa hai ndiye aliyejua. Baba yetu mdogo, mdogo wake baba. Yeye ndiye aliyesimama na mama siku ya kukatiwa mipaka. Lakini alikuwa amezeeka, kifua kinamsumbua, anaishi kijijini upande wa Punia, na ile barabara anayeijua anajua. Kumleta Kindu ilikuwa sawa na kumuua.

Mkubwa wa avenue yetu, yaani mtaa wetu, akakata shauri kwa busara kabisa, hilo simnyimi. Akasema mzee azungumze kwa simu, mbele ya watu wote, na atakalosema ndilo. Assumani akakubali. Yaya akakubali. Mimi nikatumwa Punia kwa pikipiki nikasimame na mzee.

Sasa simu.

Yaya alikuwa na moja ya zile mnazozicheka. Kioo kina nyufa, betri nene kama sabuni ya kufulia, spika ikilia mbuzi wa jirani anageuka. Aliipenda kuliko viatu vyake.

Wiki chache kabla ya hapo akaja binamu yetu kutoka Kinshasa. Trésor. Kijana mzuri, mkarimu, na simu ndiyo dini yake. Anafuata uzinduzi kama wengine wanavyofuata mpira. Alipoiona ile simu ya yaya alishika kichwa.

"Yaya, hii njo kitu gani? Hii ni redio iko na kioo!"

"Inaita, inasikia," yaya akamjibu. "Unataka ipike?"

Trésor akacheka, kisha akampa zawadi ya simu yake mwenyewe ya mwaka uliopita. Si mchezo, wakuu. Ni toleo ambalo nyinyi wenyewe humu mlilipa maksi za juu. Ile ya zamani akampa dereva wa pikipiki aliyemleta kutoka uwanja wa ndege, kama mtu anayetupa ganda la ndizi. Yaya aliona haya kukataa zawadi.

Hapa niwarudishe nyuma, bila hili hamtaelewa kitu.

Wakati wa vita Kindu ilikatika na dunia. Reli imekufa, mtoni huendi, simu hakuna. Kilichokuwepo ni phonie, redio ya upepo ya mfanyabiashara mmoja, waya wake umetandazwa kutoka paa hadi paa. Ukiwa na ndugu upande wa pili unakwenda pale na familia nzima, mnajazana uani. Anayeita upande wa pili anauliza: "Muko?" Na nyinyi mnajibu kwa pamoja, kwa nguvu zote: "Tuko!"

Haikuwa salamu ya furaha, wakuu. Ndiyo ilikuwa hati ya usalama. Yule wa mbali anatega sikio atambue sauti: huyu mke wangu, huyu mtoto, yule anayekohoa ni mama. Akiwasikia wote, anasema lililomleta. Asipowasikia, hasemi, kwa sababu aliyeshika redio anaweza kuwa mtu yeyote mwenye bunduki.

Baba yetu alikuwa msituni upande wa Pangi na huyu baba mdogo. Siku moja wakaitwa kwenye phonie ya huko. Sauti ya mtu mmoja ikasema: familia yako wote wako hapa, njia iko safi, toka. Baba akauliza, "Muko?" Ile sauti moja ikajibu, "Tuko."

Baba mdogo alimshika shati. Akamwambia, kaka, sauti moja si watu.

Lakini baba alikuwa ametamani mno kutuona. Alitoka. Mpaka leo hatuna kaburi la kupalilia.

Tangu hapo baba mdogo hakuwahi kusema jambo kubwa kwenye chombo chochote kabla ya kusikia "tuko" ya wengi. Na si yeye tu. Ukoo mzima, avenue nzima, watu wa umri ule ndivyo walivyo. Jambo la posa, la msiba, la kiwanja, simu inawekwa katikati, sauti inafunguliwa hadi mwisho, watu wanaitika. Ndiyo maana kwetu mtu dukani hainui simu kutazama kioo. Anamwambia muuzaji, "Fungua sauti," anaiweka mezani, anarudi nyuma hatua kadhaa, anasikiliza.

Nyinyi mngemwita mshamba.

Basi siku ikafika. Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Kule kwa mzee mtandao haushiki majumbani. Unashika kilimani, kwenye mti mmoja uliokatwa, na hapo watu wamepigilia kigingi cha kutundikia simu. Tulimpandisha mzee kwa baiskeli, mimi nasukuma, jirani anamshikilia. Kifua kinapiga kama ngoma iliyopasuka. Amevaa kofia yake nyeupe ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumapili. Simu yake ni ya bei ya chini kabisa, tukaitundika, sauti wazi, wachimbaji wawili watatu waliokuwa wakipita wakasimama kusikiliza. Hakuna aliyewafukuza. Ndivyo inavyotakiwa.

Ikaita. Ikapokelewa Kindu, kwenye simu mpya ya yaya.

"Muko?" mzee akauliza.

Kimya.

Kisha sauti ya Trésor, safi kama maji ya chupa: "Papa, bonjour. Tuko. Wote wako hapa. Sema tu."

Nilimwona mzee akikunja uso.

"Weye njo nani?"

"Trésor, Papa. Mutoto ya Mama Feza."

"Wantu wengine wako wapi?"

"Wako hapa, Papa! Wanaitika!"

"Muko?"

Kimya tena. Wala si kimya cha watu walionyamaza. Ulikuwa utupu, kama mtu amefunika kisima. Na katikati ya ule utupu, Trésor peke yake: "Wanaitika, Papa, unasikia? Wote wako hapa."

Wakuu, maneno yalikuwa yaleyale. Wote wako hapa. Mimi nywele zilinisimama, seuze yeye.

Nikaisogelea simu, nikapiga kelele kwamba huku hatusikii mtu mwingine. Trésor akajibu kwamba wao wanatusikia vizuri sana, clear kabisa. Nikamwambia ampe yaya.

Yaya akaichukua. "Baba mudogo, ni miye. Zaina."

Sauti yake ilitoka peke yake vilevile, imenyolewa kila kitu. Hakuna kuku, hakuna mtoto, hakuna Assumani, hakuna Mikelenge. Mtu anayezungumza kutoka ndani ya sanduku.

Mzee akainamia simu, akauliza kwa upole kabisa: "Zaina, mama. Kuko nani karibu yako? Nani anakulazimisha?"

Alikuwa anaogopa kwa ajili yake. Alidhani mwanawe ameshikwa.

Lakini Kindu nako sauti ilikuwa wazi, na uani kulikuwa kumejaa watu. Wote walisikia swali hilo. Niliambiwa baadaye kwamba Assumani alisimama akapiga makofi mara moja.

"Mumesikia? Muzee mwenyewe njo anauliza. Nani anamulazimisha! Amefundishwa nini cha kusema, huyu?"

Yaya akaanza kulia, na kilio chake tu ndicho tulichokisikia sisi kilimani. Mwanamke mmoja, analia, mahali pasipo na watu.

Mzee akanyanyuka. "Sitasema," akasema. "Nilishaona mambo haya."

Nilimsihi, nikapiga magoti kwenye tope. Akaniambia, "Mwanangu, wantu wasioitika ni wantu wasiokuwako."

Huko Kindu jirani yetu, Mama Salima, akakimbilia kibanda cha chaji kuchukua simu yake, aina ileile ya makelele. Alipofika nayo uani, huku kwetu kilimani wingu lilikuwa limeshika. Mnara wa kule unakula jua. Mvua ikija, nao unalala. Walipiga wakaambiwa hapatikani. Wakapiga tena, hapatikani.

Mkubwa wa avenue alisubiri, sitamsingizia. Lakini Assumani akasema kweli chungu: tulikubaliana tufuate neno la mzee, na neno la mzee ni "sitasema". Angekuwa na la kumtetea Zaina angelisema. Watu wakatazamana.  Wangejibu nini?

Nilijaribu kumweleza baba mdogo, akiwa amejilaza, mvua inapiga paa. Nikamwambia, baba, watu walikuwepo, walikuwa wanapiga kelele hadi shingo zinawatoka mishipa, ni ile simu ndiyo iliyowaondoa.

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto anayemdanganya ili amfurahishe.

"Telefone gani," akasema, "inasikia muntu mumoja na kuacha wantu wote?"



Mnara ulikaa siku kadhaa bila kuamka. Kifua cha mzee hakikungoja. Tulimzika kulekule, na mimi sijui mpaka leo kama alikufa akidhani tumemdharau, au akidhani Zaina yuko mikononi mwa watu wabaya. Sijui ipi kati ya hizo ni nafuu.

Najua wengine mtauliza mbona hatukurekodi. Turekodi nini, wakuu? Hakusema.

Niliporudi Kindu nilimtafuta Trésor. Sikwenda kumpiga, ingawa wapo walionishauri. Nilitaka kuelewa, ndio ugonjwa wangu. Nilimkuta anafunga sanduku lake.

Nikamuuliza, ile simu iliwapeleka wapi watu?

Akanieleza, na alieleza vizuri, kwa maana mambo haya anayajua. Simu ile ina maikrofoni kadhaa na akili ndani yake. Inaichagua sauti iliyo karibu, inayobaki inahesabu ni kelele, inaifuta kabla haijatoka. "Njo qualité yake, kaka. Njo inalipiwa. Inaondoa bruit, ile makelele."

"Trésor," nikamwambia, "bruit ilikuwa ukoo wako."

Akavuta zipu ya sanduku. Kisha akasema neno ambalo sijamsamehe, japo najua hakulisema kwa ubaya. Akasema: "Lakini telefone haikufanya kosa."

Na ni kweli! Hapo ndipo panaponiuma. Nilikwenda kuijaribu mwenyewe. Nikamweka Mama Salima na wanawe huku, mimi mbali na simu nyingine. Aliyeishika namsikia hadi pumzi. Wengine hawapo, hata wakipiga masufuria. Nikarudi kwenye review zenu. Mmoja kasifu kwamba alipiga simu amesimama sokoni na mwenzake hakujua kama yuko sokoni. Akaipa maksi. Na mimi zamani nilipoisoma ile review niliona ni ajabu nzuri.

Mjuzi anaipima simu akiwa peke yake. Yuko chumbani, ana mezani pake kifaa kimoja na mtu mmoja, ambaye ni yeye. Kila maksi anayoitoa ni ya mtu mmoja: kioo cha macho mawili, sauti ya masikio mawili, kasi ya vidole vyake. Raia wa Mikelenge hajawahi kuwa na simu ya mtu mmoja. Simu ya yaya ilikuwa ya nyumba, ya jirani, ya mwenye msiba, ya mteja wa chumvi anayetaka kumsikia mwanawe aliye machimboni. Hawezi kukuandikia hayo kwenye comment. Atakwambia tu, "hii iko na sauti," wewe utacheka, na yeye atalipa na kuondoka. Hajafuata mkumbo. Amejipima na maisha yake, wewe umejipima na yako, halafu wewe ndiye unayeitwa mtaalamu.

Nisiwe mwongo: na zile simu za makelele zina uchafu wake. Zinachoka haraka, zinajaa matangazo, nimezifungua nikaona gundi mahali palipotakiwa skrubu. Wanaoziuza nao hawatupendi. Wameona tu tunavyoishi, wakatengeneza biashara. Lakini angalau wametutazama.

Assumani amekwishauza. Aliyenunua ameanza na ukuta wa saruji, muhogo aliung'oa ungali mchanga. Yaya amepanga chumba ng'ambo ya mto. Kila akitaka kuja kwa marafiki zake wa zamani anavuka kwa mtumbwi. Meza ya chumvi hakuiweka tena. Trésor alirudi Kinshasa, huwa anapiga kuuliza hali, na yaya huwa anapokea, anaongea naye vizuri. Mimi nisingeweza.

Juzi nilikwenda kumwona. Alikuwa ameketi kitandani na ile simu. Kumbe siku ya kuhama alikipiga picha kiwanja chote, kona baada ya kona. Akanipa nitazame. Nikavuta picha kwa vidole, ikafunguka, ikafunguka tena. Unaona nyasi zilizochomoza kwenye tofali. Unaona alama ya mkono wa mama alipokuwa akisiliba ukuta, vidole vyote, hata ule uliopinda.

"Iko muzuri, eeh?" yaya akasema. "Camera yake iko muzuri sana."

Nikamwambia ndiyo, yaya. Wataalamu wote wanasema hivyo.

Wakuu, hayo ndiyo yangu. Nililojifunza ni dogo: kabla hujamwambia mtu simu yake ni takataka, muulize ni wangapi wanaongea ndani yake. Wajuzi wa humu, nawakaribisha mnipinge, ila mnipinge kwa hoja, za chipset nazijua. Na wewe mwenye simu ya makelele uliyekaa kimya kwenye ule uzi mwingine kwa kuona haya, leo njoo useme uliinunua kwa ajili gani. Hapa hakuna atakayekufuta.